Bendera Hufuata Godoro

Karatasi ya matokeo ya jimnastiki huweka herufi tatu pembeni ya kila jina. Herufi hizo ndizo nchi. Oksana Chusovitina amezibadili mara nne. Alianza na Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1992 pale Barcelona, nchi hiyo ikiwa imeshavunjika, alitwaa dhahabu ya timu ndani ya kikosi kilichoitwa Timu ya Pamoja, na bendera iliyopandishwa kwa heshima yao haikuwa ya nchi yoyote, ilikuwa ile ya Olimpiki yenye duara tano. Baadaye akaichezea Uzbekistan, kwao hasa, maana alizaliwa Bukhara mwaka 1975. Kisha Ujerumani. Kisha Uzbekistan tena. Olimpiki nane kwa jumla, na ile ya nane, Tokyo, aliimaliza akiwa na miaka 46 katika ukumbi usio na mashabiki kwa sababu ya korona, huku majaji, makocha na wapinzani walioweza kuwa wanawe wakisimama kumpigia makofi.

Ujerumani hakwenda kutafuta medali. Mwaka 2002 mwanawe Alisher, aliyekuwa bado mdogo, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Tiba ilipatikana Cologne, na klabu ya jimnastiki ya mji huo ikampokea mama. Mchana alikuwa hospitalini na jioni ukumbini, na kila palipotangazwa shindano lenye zawadi alikwenda, maana bili za matibabu hazisubiri. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa kuruka farasi huko Anaheim, Marekani, kifuani akiwa bado na jina la Uzbekistan ingawa jasho lote lilimwagikia sakafu ya Kijerumani. Uraia ulikuja 2006. Mwaka 2008 pale Beijing akaipatia Ujerumani medali ya fedha. Mtoto alipona.

Nina sababu ya kuanza na mama huyu. Vijiweni kwetu mwanamichezo anayebadili bendera ana jina moja tu: kajiuza. Neno hilo tumelizoea tangu mwaka 2003, Mkenya Stephen Cherono alipopewa uraia wa Qatar na majuma machache baadaye akaibuka bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji jijini Paris, akiitwa Saif Saaeed Shaheen. Kaka yake, Abraham, alikuwa katika fainali hiyohiyo amevaa jezi ya Kenya. Ilielezwa kwamba Qatar ilimwahidi dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote. Wakenya walikasirika, na walikuwa na fimbo mkononi: kanuni ya Olimpiki humtaka aliyehama asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi aliyotoka iridhie muda upunguzwe. Kenya haikuridhia. Cherono akaikosa Athens 2004, Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba za mbio zile bila yeye, na siku kumi tu baadaye, Brussels, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 7 na sekunde 53.63. Hadi mwaka 2023 rekodi ilikuwa ya Qatar kwenye vitabu. Mapafu ni ya Keiyo.

Wapo na wengine ambao neno “kajiuza” haliwakai. Mkenya Wilson Kipketer alikwenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi, akasoma, akajifunza lugha, akaishi huko. Atlanta 1996 ilimpita akiwa ndiye bora duniani wa mita 800, kwa kuwa uraia wa Denmark ulikuwa haujaiva. Mwaka uliofuata alikimbia dakika 1 na sekunde 41.11, na muda huo haukuguswa na mtu hadi David Rudisha mwaka 2010. Kumtia Kipketer kapu moja na mtu aliyepewa pasi ya kusafiria Agosti akashindana Agosti hiyohiyo ni uvivu wa kufikiri. Shirikisho la riadha la dunia lenyewe lilichoka na biashara hiyo: Februari 2017 likasimamisha uhamisho wote, na mwaka uliofuata likaja na masharti ya kusubiri miaka mitatu, kutohama kabla ya kutimiza miaka 20, na kuhama mara moja tu.

Sasa njoo Morogoro.

Msimu wa kiangazi, maji ya mto yakipungua, mchanga hubaki wazi na vijana hushuka. Tairi kuukuu la gari hufukiwa nusu, nusu ya juu ikawa ndiyo chombo cha kurukia. Kijana anakuja mbio, anakanyaga tairi, anapaa, anajikunja, anafunguka, anatua. Wao huita samasoti. Wazee wangu waliita kichwangomba. Nimefundisha somo la michezo miaka mingi, na macho yangu hayaendi kwenye kupaa, kwani kupaa kunamvutia kila mtu. Huangalia magoti yanapokutana na ardhi. Kuna mmoja pale, wa umri wa darasa la sita hivi, ambaye hutua kama paka aliyeshuka dirishani: kisigino hakipigi, mgongo hauvunjiki, mikono inabaki mahali pake. Hakufundishwa na mtu. Siku moja alinifuata, akaniamkia, nikamwitikia marahaba, akaniuliza: “Mwalimu, mtu akitaka kwenda nje kwa ajili ya hii, anaanzia wapi?”

Hakuuliza anaanzia wapi kuichezea Tanzania. Wazo hilo halikumpitia kichwani, na sikuweza kumlaumu.

Mkimbiaji na mwanajimnastiki ni bidhaa mbili tofauti kabisa katika soko hili la bendera. Mkimbiaji hununuliwa ameiva. Mwinuko wa Iten kule Kenya, njia ya vumbi kwenda shule, mashindano ya mkoa, kikosi cha jeshi au polisi: vyote hivyo vimeshafanya kazi yao kabla wakala wa Ghuba hajateremka kwenye ndege. Kijana anaweza kugunduliwa ana miaka 18 na akawa bingwa wa dunia ana 20. Anayenunua analipia mwisho wa safari tu. Ruth Jebet aliipa Bahrain dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016, na Winfred Yavi akaongeza nyingine mwaka 2024, zote za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na zote mbili mbegu zake zilipandwa katika udongo wa Kenya.

Jimnastiki haina njia ya vumbi. Chukua ile boriti ya wanawake: urefu mita 5, kimo sentimeta 125, upana sentimeta 10, yaani unyayo ukikaa umejaa. Juu ya hiyo binti anapiga samasoti. Ili aipige mara moja mbele ya majaji ameanguka mara elfu, na swali pekee la maana ni alikuwa anaangukia nini. Kama aliangukia godoro nene, kesho alirudi. Kama aliangukia saruji, leo anauza maandazi na kifundo kinamuuma mvua zikianza. Sakafu ya mashindano ya mita 12 kwa 12 ina springi chini yake. Haifanani na uwanja wetu wowote wa shule. Mtoto huanza akiwa na miaka mitano, sita, saba. Na msichana haruhusiwi mashindano ya wakubwa hadi mwaka anaotimiza 16. Miaka kumi, basi, kuna mtu analipa. Kodi ya ukumbi, kocha, daktari wa viungo, nauli. Muungano wa Kisovieti ulilipa kama dola. Marekani wanalipa wazazi. Kwetu halipi yeyote.

Ndiyo maana hujasikia hata siku moja mwanajimnastiki Mtanzania kanunuliwa na Qatar. Hakuna anayekuja sokoni kununua kisicholimwa. Tumekuwa tukienda Olimpiki tangu Tokyo 1964, na medali zetu mbili zote ni za fedha, zote za Moscow 1980, zote za miguu: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Mwanajimnastiki hatujapeleka. Michezo yetu ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, macho yake yako kwenye soka, netiboli, wavu na riadha, na sishangai, kwa kuwa mpira mmoja huchezesha watoto 22 na godoro moja huchezesha mmoja kwa zamu.

Lakini mwili tunao, na serikali inajua tunao. Nenda sherehe za Uhuru au za Muungano uangalie halaiki. Mamia ya watoto wanabinuka kwa filimbi moja, wanapanda mabegani, wanajenga ghorofa la watu na wa juu kabisa anafungua bendera. Hiyo ni jimnastiki, jamani, iite utakavyo. Watoto hao hukusanywa, hufundishwa kwa wiki kadhaa, hula chakula kizuri, hupigiwa makofi, kisha magodoro yanakunjwa na kila mmoja anarudi kwao. Sijawahi kumwona mtu na daftari pale uwanjani akiandika jina la yule wa juu.

Tumewahi kufanya zaidi ya hapo. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kusomea sarakasi, wakakaa huko miaka, na waliporudi ikaundwa timu ya taifa ya sarakasi. Ujuzi ule uliingia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, na kutoka hapo ukasambaa kwa vikundi vya mitaani Dar es Salaam, ambako hadi leo hurithishwa bega kwa bega, bila cheti. Tuligeuza jimnastiki kuwa sanaa, tukaiweka chini ya wizara kama ngoma na maigizo. Uamuzi ule haukuwa mbaya. Ulitupa wasanii hodari. Ila ulifunga mlango mmoja. Msanii hapimwi kwa pointi, hana shirikisho la dunia, hana kanuni ya miaka mitatu inayomlinda wala kumbana. Akienda nje anakwenda kwa mkataba.

Waangalie Ramadhani Brothers, Fadhili na Ibrahim. Mmoja anasimama, mwenzake yuko juu yake kichwa kwa kichwa, miguu hewani, na yule wa chini anapanda ngazi. Majukwaa ya mashindano ya vipaji kuanzia Australia hadi Marekani yamewaona, na Februari 2024 wakashinda “America’s Got Talent: Fantasy League” na zawadi ya dola 250,000. Bendera waliipeleka wao wenyewe. Hao ni wawili waliofika kileleni. Chini yao kuna kundi kubwa la wanasarakasi wa Kitanzania na Kikenya wanaofanya kazi katika sarakasi za Ulaya, katika hoteli za Ghuba, katika meli za watalii, msimu kwa msimu, na nchi waliyomo haiwahitaji wawe raia wake, inahitaji tu wasidondoke usiku ule. Siku bega likichomoka mkataba unakwisha. Chusovitina aliyebadili bendera alipata tiba ya mwanawe, makazi na pasi ya kusafiria. Mwanasarakasi asiyemsaliti mtu hupata viza ya miezi sita. Nikipewa nafasi ya kumshauri yule mtoto wa tairi, na moyo wangu ukiwa mweupe, nitamwambia njia ipi?

Kuna kisa kimoja kinachonitatiza, na sitakificha kwa kuwa kinagongana na kichwa cha safu hii. Kaylia Nemour alizaliwa Ufaransa Desemba 2006, baba akiwa na asili ya Algeria. Alikulia ukumbi wa Kifaransa. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa magoti. Daktari wake akasema amepona, wa shirikisho la Ufaransa akasema bado. Ugomvi ukakua kati ya klabu na shirikisho, na familia ikaamua binti aichezee Algeria. Ufaransa ikashikilia ruhusa hadi waziri wa michezo alipoingilia mwaka 2023. Agosti 2024, mjini Paris, mbele ya Wafaransa, alipata alama 15.700 kwenye pau mbili za kimo tofauti na kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki katika jimnastiki, nayo ya dhahabu. Godoro halikuhama hata hatua moja, lilibaki palepale Ufaransa. Bendera ndiyo iliyohama.

Kwa hiyo bendera haikufuata godoro? Nimelizungusha swali hili sana. Nadhani ilifuata goti. Ilimfuata aliyeamini kwamba binti anaweza kurudi, na anaweza kurudi sasa, si baada ya Olimpiki. Na hata hivyo Algeria haikupata bingwa wa bure: ilibidi iwe na shirikisho la kumsajili, barua za kuandika, mtu wa kuchachamaa mbele ya shirikisho la dunia. Kama baba yake Nemour angetoka Mgeta, hapa milimani kwetu, tungemsajili wapi?

Milima hii ya Uluguru juu yetu ina sheria zake kuhusu kuwa wa mahali. Mluguru ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kuwa wa Kinole au wa Songea, nyumba ikawa ya baba na ada ya shule ikalipwa na baba. Ukoo ni wa mama, na shamba linatoka kwa wajomba. Mgeni akija akakosa mahali pa kulima, wenye ukoo humkatia kipande. Hutoa kitu kidogo kwa mkuu wao, si bei, ni kukiri tu kwamba ardhi ina wenyewe. Analima mahindi, maharage, mboga, miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayemsumbua. Ila asipande mti. Mwembe, mfenesi, mkarafuu: mti una miaka mingi kuliko mtu, na aliyepanda mti kesho wanawe watasema hapa ni kwetu.

Nchi za kupanga zina tabia hiyohiyo. Mwanamichezo mhamiaji anaruhusiwa mahindi. Apande leo, avune kesho kutwa, medali iingie kabatini. Kipimo cha kama amepokewa kweli ni siku atakapoleta mche. Mkimbiaji wa Uingereza, Mo Farah, aliufikisha. Mwaka 2022 alisimulia kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, kwamba aliingizwa Uingereza akiwa na miaka 9 kwa jina la mtoto mwingine na akatumikishwa nyumbani kwa watu. Aliyemwokoa alikuwa mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson, aliyegundua kwamba mtoto yule asiyejua Kiingereza alikuwa na lugha moja tu anayoielewa, nayo ni ya uwanjani. Mwalimu aliwaita ustawi wa jamii, akahangaikia uraia wake, ukapatikana mwaka 2000. Dhahabu nne za Olimpiki zilikuja baada ya hapo. Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka wanafunzi wangu wangapi waliokuwa wakizungumza kwa miguu na mimi nikawa nasahihisha mahudhurio.

Pana ua dogo la rangi ya urujuani linalomea kwenye miamba yenye kivuli, Usambara na hapa Uluguru. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao kutoka Usambara, na sayansi ikalipa jina lake, Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, na wengi wanaolimwagilia hawajui lilitoka wapi. Wajerumani wa kawaida, kwa haki yao, waliendelea kuliita urujuani wa Usambara. Ua limepata bahati ambayo Cherono hakuipata.

Tumezoea kujiona sisi ni wale wanaoibiwa. Tuangalie pia tulivyo wenyeji. Pale Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji wetu, chama cha ANC kilijenga shule yake ya Solomon Mahlangu kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Vijana wa Kiafrika Kusini walisoma, walilima, walicheza mpira, na bendera ya kuchezea hawakuwa nayo. Nchi yao ilikuwa imefukuzwa Olimpiki kwa ubaguzi wa rangi, na haki kabisa. Lakini adhabu ile ilimfunga na aliyebaguliwa. Mwenzao Sydney Maree, aliyekwenda kusoma Marekani, alichukua uraia wa huko na mwaka 1988 akakimbia fainali ya mita 5,000 ya Seoul kama Mmarekani. Zola Budd, mzungu wa kwao, alipewa uraia wa Uingereza mwaka 1984 kwa siku zisizofika hata wiki mbili. Kijana wa Mazimbu hakuwa na mlango wowote kati ya hiyo miwili. Julai 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Julai hiyohiyo Afrika Kusini ilirudi Olimpiki, Barcelona, na haikubeba bendera ya taifa lake. Yaani siku zilezile Chusovitina anasimama chini ya bendera isiyo ya nchi, wanamichezo wa nchi ya wakimbizi wetu walikuwa wakiandamana nyuma ya kitambaa kisicho cha taifa katika mji uleule.

Upande wa magharibi mwa nchi, Kigoma, Februari 2006 alizaliwa mwanasoka Nestory Irankunda katika familia ya wakimbizi wa Burundi. Alihamia Australia akiwa mchanga, akakulia Adelaide, akaanza ligi ya wakubwa ana miaka 15, Bayern Munich ikamchukua mwaka 2024, na Juni mwaka huo akaifungia timu ya taifa ya Australia. Akifunga hupiga samasoti. Mitandaoni Watanzania wenzangu wanaandika “huyu wetu”. Si wetu. Tulimpa mama yake mahali pa kujifungulia, na hilo si dogo, nchi nyingi tajiri hazijafanya. Lakini nyasi, viatu, kocha na daktari vilikuwa vya Adelaide. Waaustralia wamevuna walichopalilia.

Na mwaka 2014 tulifanya jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: Warundi 162,156 wa familia zilizokimbia mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania kwa mkupuo. Watoto wa makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wanacheza UMITASHUMTA kama mtoto wa Kihonda. Hakuna aliyewaomba medali kwanza. Miaka kumi baadaye, Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walipata uraia, na nchi nzima ikachemka. Sheria ya Uraia humtaka mwombaji awe amekaa miezi 12 mfululizo na, kabla ya hapo, miaka saba ndani ya kumi. Watu walihesabu, hesabu haikukaa. Kanuni za FIFA nazo hudai miaka mitano ya kuishi nchini kwa mtu asiye na damu ya hapo, kwa hiyo Taifa Stars haikuwa ikiwangoja kesho yake. Faida ya haraka ilikuwa ya klabu, kwa kuwa ligi ina kikomo cha wageni. Sina ugomvi na vijana wale watatu. Mguu hufuata riziki. Ugomvi wangu ni kwamba uraia ule haukufuata hospitali, wala ukimbizi, wala godoro. Ulifuata orodha ya usajili.

Nasi papo hapo tunamwambia Mtanzania aliyeko nje kwamba akichukua uraia wa huko, wetu unakufa. Yule kijana wa mchangani akibahatika miaka kumi ijayo kufika ukumbi wa Cologne, itambidi achague kati ya herufi tatu na nyingine. Binti yake atakayezaliwa huko na kutaka kurudi kama Nemour alivyorudi Algeria atatukuta hatuna shirikisho lenye nguvu, hatuna boriti, hatuna hata mtu wa kupokea simu.

Makocha pia huhama, na hapo ndipo ninapoliona tumaini la karibu zaidi. Béla na Márta Károlyi walitoroka Romania mwaka 1981, na mwaka 1984 msichana wao wa Kimarekani, Mary Lou Retton, alikuwa bingwa wa Olimpiki. Hatuwezi kumnunua bingwa, na tusijaribu. Tunaweza kumrudisha nyumbani mwanasarakasi wa miaka 35 ambaye mabega yamechoka lakini kichwa kina kila kitu, tukampa ukumbi mmoja Morogoro, mshahara wa mwalimu, na magodoro ya halaiki yanayolala ghalani kuanzia Desemba hadi Aprili.

Nawaomba wakuu wa michezo wa mkoa wasome hapa kabla ya kupanga bajeti ijayo. Magodoro yale yapo, yamelipiwa na kodi yetu. Na kama wewe msomaji ni mmoja wa hao waliorudi kutoka sarakasi za nje, unakaa Bigwa au Kichangani na hakuna anayekuuliza ulichojifunza, vijana wapo mtoni kila siku kuanzia saa kumi jioni. Tairi ni moja. Anza na yule anayetua kama paka.